Baba, Usimrushe Kabla Hajakusalimu

Hufika nyumbani, mtaa wa Pipeline, saa moja jioni nikinuka moshi wa kuchomelea mageti. Zamani nilikuwa nikiingia tu, namnyakua binti yetu wa miezi mitano na kumrusha. Jioni moja alicheka mara mbili, ya tatu akanicheulia maziwa shingoni, kisha kilio. Mama mkwe alinitazama, akasema, “Baba Toto, huyo si gunia la waru.”

Mama yake humchezea kwa uso na sauti. Mtoto akisema “aguu”, naye hujibu “aguu”, halafu hungoja. Watafiti waliochunguza wazazi wakicheza, Marekani tangu miaka ya 1970, waliona mtindo huo huo: mama maneno na vichezeo, baba kurukaruka. Lakini si damu inayotutuma. Baba wa jamii ya Aka, kule misitu ya Afrika ya Kati, hubeba watoto wao muda mrefu sana na ni nadra wawarushe.

Siku hizi nanawa hadi viwiko, nabadilisha shati, kisha nauliza amenyonya saa ngapi. Kama ni sasa hivi, nasubiri. Naketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda, nakunja magoti na kumlaza juu ya mapaja, uso kwa uso. Kwa mtoto mchanga kabisa, sogeza uso kiasi cha sentimita 25. Mbali zaidi hakuoni vizuri. Nasema neno moja. Nanyamaza. Akipiga kelele au mateke, hiyo ndiyo salamu, basi nazungusha miguu yake kama anaendesha baiskeli, polepole, halafu mbio kidogo.

Sasa hapa ndipo wengi wetu huharibu, akina mama pia. Mtoto akigeuza uso pembeni, hajakudharau. Anapumzika. Usimfuate na uso wako wala usimtikisie kayamba sikioni. Mwache. Akirudisha macho, endelea. Akipinda mgongo, akakunja ngumi na kununa, mchezo umekwisha, mpakate.

Kumtikisa kwa nguvu ni mwiko, hata akilia usiku kucha: shingo bado laini, ubongo unaweza kuvuja damu. Ukihisi hasira, mlaze chali kitandani mwake, utoke nje kidogo.

Jana aliniacha akageukia kalenda ya ukutani. Nikahesabu kimoyomoyo hadi kumi na moja, mikono imetulia. Akageuka, akanipiga teke la kifua.