Kabla hujagusa kasi ya feni za kompyuta yako

Hajati mwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Jinja, Uganda, alinipigia simu asubuhi moja. Baada ya salamu akasema, "Mwanangu, mashine yangu inanguruma kama kinu cha posho. Njoo uipunguzie feni, wateja hawasikiani."

"Nakuja, Hajati, lakini naomba siku mbili kabla sijapunguza chochote."

"Siku mbili za kupunguza feni?"

"Za kuipima."

Nilipofungua ubavu wa kasha nilikuta vumbi jekundu limegandamana na wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaopanda kutoka majini kama moshi na kufuata taa usiku. Mapezi ya kipoza joto cha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, yalikuwa yameziba kama chujio la chai lisilooshwa. Feni ilizunguka kwa nguvu zote kwa sababu hewa haikuwa na pa kupita. Kama ningeingia BIOS, ile programu ya ndani ya mashine inayoanza kabla ya Windows, na kuipunguza nilivyoombwa, duka lingetulia siku chache, halafu mashine ingeanza kuzimika katikati ya kazi za watu.

Feni inaponguruma huwa inajibu joto. Kabla ya kuinyamazisha, jua kwanza inajibu nini. Matayarisho haya huchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe, na nawasihi vijana wenzangu wanaotengeneza kompyuta, na wenye mashine zao nyumbani, wasiyaruke.

Anza na kipimajoto cha chumba, hata kile cha bei ndogo cha ukutani. Kitu hiki watu wengi hawakitaki, na bila hicho namba nyingine zote hazina maana. Kompyuta inayopozwa kwa hewa haiwezi kuwa baridi kuliko chumba chake. Hukaa juu ya joto la chumba kwa kiasi fulani kulingana na kazi inayofanya. Tuseme prosesa yako ikilemewa hupanda nyuzi 45 juu ya joto la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 22, utasoma 67 na kuridhika. Ipeleke mashine hiyo hiyo Gulu mwezi wa Februari, chini ya paa la bati lisilo na dari, chumba kikiwa nyuzi 36, utasoma 81. Mashine haijabadilika hata kidogo. Kwa hiyo mpangilio wa feni ulionakiliwa kwa mtu anayeishi nchi ya baridi unakufaa kidogo sana, na hata wa rafiki yako wa Kabale, kwenye baridi ya milimani, usiuamini.

Pima saa ile chumba kina joto kali kuliko saa zote, kwa kawaida kati ya saa saba na saa kumi mchana. Kwenye Windows mimi hutumia programu ya HWiNFO. Kwenye Linux kuna lm-sensors, ambayo huonyesha namba ukiandika amri sensors. Iache kompyuta ipumzike dakika kumi, andika joto. Kisha ipe kazi nzito, ile kazi yako halisi ikiwezekana, kama kuhariri video ya arusi, kwa nusu saa au mpaka namba ziache kupanda. Andika kwenye karatasi: saa, joto la chumba, joto la prosesa, la kadi ya picha, la diski, na mizunguko ya kila feni kwa dakika. Nasema karatasi kwa sababu mashine ikikataa kuwaka, faili iliyomo ndani yake haitakusaidia.

Ukishapata namba, zilinganishe na kikomo cha prosesa yako, usizilinganishe na hofu yako. Prosesa nyingi za Intel za mezani zina kikomo cha nyuzi 100. Prosesa za AMD ziitwazo Ryzen, nyingi za mfululizo wa 5000 zina nyuzi 90, na nyingi za mfululizo wa 7000 zina 95. Zile za 7000 zilitengenezwa ziweze kukaa kwenye 95 zikiwa na kazi nzito, kwa hiyo mtu asikutishe. Prosesa ikifika kwenye kikomo hujipunguzia mwendo yenyewe; joto likizidi kupanda, mashine hujizima. Binafsi napenda ibaki nafasi ya nyuzi 10 chini ya kikomo katika saa ya joto kali, maana vumbi litarudi.

Diski ndiyo inayosahaulika. Feni za kasha kwa kawaida hufuata joto la prosesa, na diski kuu ya sahani, ile inayozunguka (HDD), haina wa kuisemea. Ukipunguza feni ya mbele, prosesa inaweza kubaki salama huku diski ikipanda kimya kimya. Nyingi zina kikomo cha kazi cha nyuzi 60. Mimi sipendi kuona diski yenye picha za watu ikipita 50.

Kuna pia suala la hewa yenyewe. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja ya kumi. Feni ile ile kwa kasi ile ile inasukuma hewa inayobeba joto pungufu kidogo. Tofauti si ya kuogofya, ila ni sababu nyingine ya kupima mwenyewe.

Usafi unatangulia BIOS. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa ubao mama (motherboard). Tumia brashi laini na kipulizio cha mkono, na ushike mabawa ya feni kwa kidole ili yasizunguke ovyo, kwa sababu yakipulizwa kwa nguvu hupita kasi yaliyotengenezewa na kuharibu beringi. Nimeona watu wakipeleka kompyuta kwa fundi wa matairi ipulizwe kwa kompresa. Naomba tuache. Hewa ile ina nguvu mno, na mara nyingi imebeba maji na mafuta kutoka kwenye tangi. Kama mashine ni ya mtumba na ina miaka mingi, toa kipoza joto, futa grisi ya zamani iliyokauka kwa spiriti ya isopropili, na uweke mpya kiasi cha punje moja ya njegere. Baada ya hapo rudia vipimo vyote. Duka la Hajati lilitulia kwa hatua hii peke yake, sikuwa nimefungua BIOS bado.

Sasa hesabu pini. Feni ya pini tatu hupunguzwa kwa kushusha volti. Ya pini nne hupewa volti 12 muda wote na kuamriwa kasi kupitia pini ya nne. BIOS nyingi zina sehemu ya kuchagua, DC kwa pini tatu na PWM kwa pini nne. Ukiwekea feni ya pini tatu PWM, itazunguka kwa kasi yote na utadhani BIOS imeharibika. Tundu moja la feni kwenye ubao mama kwa kawaida hubeba hadi ampea 1, kwa hiyo soma namba iliyo mgongoni mwa feni kabla ya kugawa tundu moja kwa feni tatu. Feni ya prosesa ibaki kwenye tundu lake lenye jina la CPU_FAN. Ukiihamisha, mashine nyingi husimama na kulalamika zinapowaka. Mashine ndogo zilizotoka maofisini Ulaya zina shida yake: nyingi huja na viunganishi vya feni visivyofanana na vya kawaida, na BIOS yake haina mipangilio ya kasi hata uitafute mchana kutwa. Jua hilo kabla ya kumuahidi mteja.

Tafuta pia kasi ambayo feni yako husimama, na ile ambayo huanza tena. Si sawa. Feni inayozunguka inaweza kuendelea kwa kasi ndogo ambayo isingeweza kuanza nayo, na feni kuukuu ni zaidi. Kasi ya chini kabisa utakayoweka iwe juu ya ile ya kuanzia. Na usiwe na haraka ya kushuka sana, kwa sababu sauti hupungua upesi kuliko hewa: kwa hesabu ya kawaida ya feni, kasi ikishuka nusu, hewa hushuka nusu, na sauti hushuka karibu desibeli 15. Kutoka mizunguko 1,500 hadi 1,100 tu, sikio linapata nafuu kubwa.

Umeme ni jambo ambalo kwetu siwezi kulitaja kwa mstari mmoja. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na umeme hukatika bila kubisha hodi. Kubadili kasi ya feni ndani ya BIOS ni kazi ya dakika chache na hatari yake ni ndogo. Kusasisha BIOS ni jambo jingine. Umeme ukikatika wakati programu hiyo inaandikwa, ubao mama unaweza kubaki kama kigae. Mimi nilipoteza mmoja hivyo, wa mteja, na nililipa. Mawingu yalikuwa yameshatanda na nilijiambia ni dakika tatu tu. Tangu siku hiyo siupi ubao mama BIOS mpya bila UPS, yaani kifaa chenye betri ya kushikilia umeme, niliyoijaribu kwa kuchomoa waya ukutani, mashine ikiwa inafanya kazi, nione kama inashika kweli. Stabilaiza peke yake haitoshi, maana haina betri.

Halafu usisasishe kwa ajili ya feni tu. Sababu nzuri zipo: mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake kadhaa za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiomba volti kubwa kupita kiasi, na marekebisho yalianza kutoka kupitia BIOS mpya mwezi Agosti mwaka huo. Marekebisho hayo huzuia, hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Mwenye mashine ya aina hiyo aangalie tarehe ya BIOS yake leo.

Pima betri ya saa, ile bapa iitwayo CR2032. Mpya ina volti 3 au zaidi kidogo. Ukiona saa ya kompyuta inarudi nyuma kila umeme ukikatika, betri imekwisha, na mara nyingi mipangilio yako ya feni itafutika pamoja na saa. Utapanga leo, kesho utakuta kelele zimerudi, umlaumu asiyehusika.

Kabla ya kubadili herufi moja ndani ya BIOS, piga picha kila ukurasa kwa simu. Kila ukurasa, hata usiouelewa. Hapo ndipo njia ya kurudi inapoanzia. Kuna sehemu mbili ambazo hazihusiani na feni na ukizigusa Windows inaweza kukataa kuwaka: hali ya diski, yaani AHCI au RAID, na namna ya kuanza, yaani UEFI au ile ya zamani. Ziache. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows, tafuta ufunguo wake wa dharura wenye tarakimu 48 kabla ya kusasisha BIOS au kugusa TPM, yaani chipu ya usalama, kwa sababu mashine inaweza kuudai itakapowaka. Windows za sasa huweza kufunga diski bila mwenyewe kutambua, na ufunguo hukaa kwenye akaunti ya Microsoft ambayo pengine ilifunguliwa na mtu aliyeuza mashine. Nakili kazi za watu kwenye diski ya nje. Jua pia jinsi ya kurudisha BIOS katika hali yake ya kiwandani: kuzima, kuchomoa waya, kutoa betri kwa dakika chache au kugusanisha pini zilizoonyeshwa kwenye kitabu cha ubao mama. Kitabu hicho kishushe kwenye simu mapema, intaneti ikiwepo.

Ukiwa humo, tazama mpangilio unaoamua kompyuta ifanye nini umeme unaporudi. Kwa duka au nyumba, napendelea ibaki imezimwa, maana umeme unaporudi mara nyingi huja kwa kishindo.

Chumba kikiwa na joto sana hata baada ya usafi, usitafute feni kubwa tu. Punguza wati. Core i9-13900K inaruhusiwa kufikia wati 253, wakati kiwango chake cha msingi ni 125. Ryzen nyingi zina hali ya kubana matumizi inayoshusha hadi wati 65. Kwa kuandika barua, kuchapa na hata kuhariri picha, mtumiaji hatahisi tofauti, na wati ambayo haikuwaka haihitaji feni.

Ukibadili, badili kitu kimoja, kisha rudia nusu saa ile ile ya kazi nzito, saa ile ile ya mchana, na uandike chini ya namba za kwanza. Karatasi ya Hajati nimeibandika ndani ya ubavu wa kasha lake, ikiwa na mistari mitatu. Ameniambia jua la Desemba likishika niende tuandike wa nne.