Mambo ya kuangalia kabla hujafungua mota ya slospidi

Mota ya slospidi, ile ya hewa inayozungusha drili ya meno kwa spidi ndogo, ikianza kuzembea watu wengi wa kliniki za meno hapa Mombasa wanakimbilia bisibisi, na hapo ndo shida inaanza manake mara nyingi mota yenyewe haina ubaya. Sasa kabla hujaigusa hakikisha kwanza mgonjwa ni nani. Toa kontra, kile kichwa kilichopinda cha mbele kinachoshika drili, uizungushe mota tupu, ikienda vizuri basi ubaya uko kwa kontra na mota iache ilale. Kontra za mtindo wa E, yaani ule mshikio wa kuunganisha wa kiwango kimoja, zaingiliana hata kampuni zikiwa tofauti, kwa hivo jaribu na ingine pia. Ikibaki nzito ivishe paipu ya kiti kingine, ikipona hapo tatizo ni paipu ama gasketi, ile ya mpira ya nyuma yenye matundu, ikichakaa hewa inapenya upande wa kutokea na nguvu inapotea. Na ile ringi ya kugeuza mbele na nyuma, ikikaa katikati mota husimama. Usicheke, yatokea sana.

Presha usiisome kwa geji ya kiti peke yake, kuna geji ndogo ya kufunga kati ya paipu na mota, isome mota ikiwa yazunguka. Nyingi zataka kama bar 2.5 hadi 3 lakini fuata kitabu cha mota yako. Halafu maji. Hewa yetu huku pwani imelowa, kompresa ikiikandamiza yale maji yanabaki kwa tangi, na kama hakuna anayefungua koki ya chini kila siku na draya, ile mashine ya kukausha hewa, ishakufa, utatia beringi mpya leo na zitashika kutu vile vile. Kompresa itengenezwe kwanza, mota baadaye.

Ukishajua ni mota kweli, haifunguliwi ikiwa chafu. Virusi vya hepataitisi B vinaweza kukaa hai juu ya kitu kikavu siku 7 na zaidi, na ndani ya mota kunaingia vitu ambavyo kufuta nje hakuvifikii. Isafishe, itie oili, ipitishe kwa otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, kama ina alama ya digrii 134 au 135, kisha vaa glavu na miwani. Miwani ni kwa ajili ya serklip pia, ile ringi ya chuma ya kubana, inaruka kama panzi na haiangalii jicho la nani.

Spea ndo zitakuchelewesha. Zitafute kabla, ukiwa na namba ya modeli mkononi, manake zisipopatikana mjini zaagizwa Nairobi na wewe usikae na mota imetawanyika kwa sinia wiki nzima huku wagonjwa wako foleni. Unataka vile vibamba vinavyoteleza kwa rota, kile kiini kinachozunguka ndani, oringi, yaani ringi za mpira za kuziba, na beringi. Vibamba nunua seti nzima, usichanganye kipya na kikuukuu. Oringi za duka la mabomba achana nazo hata saizi ikikubali, oili na joto zitazimaliza, uliza za vaitoni, mpira unaohimili oili na joto. Beringi pima kwa venia, kile kipimo cha taya, tundu la ndani, upana wa nje na unene, lakini vipimo pekee havitoshi, zile za kawaida zenye keji (kishikio cha vigololi) ya plastiki hazivumilii otoklevu.

Meza iwe na sinia nyeupe yenye ukingo, taa nzuri, na feni uizime, najua joto la Mombasa lakini kuna springi na vigololi humo ndani ambavyo ukivipoteza ndo basi. Taulo usitandike, linaacha nyuzi. Koleo ya serklip, kipande cha mpira cha kushikia bodi ili vaisi isiikwaruze, spiriti, na simu ya kupiga picha kila hatua. Picha zionyeshe kibamba kimetazama wapi na matundu ya silinda yamelingana na nini, manake ukikirudisha kinyume upande ulioliwa unabadilika na mota itakwama. Kifuniko kikikataa usilazimishe, zingine zina thredi za kinyume. Na beringi ukiipuliza na hewa usiiache izunguke, inapita spidi yake bila oili.

Oili iwe ya hendipisi, yaani vifaa vya meno vya kushika mkononi kama hii mota, si ya cherehani wala ile sprei ya kulegeza kutu, hiyo inakauka ikawa gundi na vibamba vinaganda. Kibamba kizima kinatakiwa kianguke chenyewe kwa mfereji wake ukiigeuza rota.

La mwisho ni hesabu. Uliza bei ya mota mpya mapema, kisha ukifungua angalia ukuta wa silinda kabla ya kitu chochote. Ukiona michirizi unayoihisi kwa ukucha, vibamba vipya vitaliwa haraka na heri ununue mota mpya, kwa hivo seti ya beringi usiifungue, irudishe dukani ikiwa bado na pakiti.