Unauza sahani zako? Brothers in Arms isikilize kwanza

Kama unapunguza sahani za santuri, labda unahama, labda mama watoto kachoka na maboksi sebuleni, kuna moja utaikuta tu humo ndani, Brothers in Arms ya Dire Straits, bendi ya roki ya Uingereza, ya 1985. Mimi niko Leicester, Uingereza, na kwenye maboksi yangu nlikuta tatu, sikumbuki hata moja niliitoa wapi. Hiyo albamu imeuza zaidi ya nakala milioni 30 duniani, kwa hiyo usijidanganye umekalia dhahabu, lakini pia usiitupie tu kwenye rundo la "beba zote".

Anza kuiosha. Maji ya bomba yanaacha chokaa, tafuta yale ya kuongezea kwenye betri (sio asidi jamani!) weka tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, futa kwa kuzunguka kufuata mistari na lebo ya katikati isiguse maji. Ikikauka iinamishe chini ya taa. Mkwaruzo ambao ukucha unakwama hapo utasikika tu, tak tak tak kila mzunguko, ule ambao ukucha unapita bila kushtuka mara nyingi ni sura mbaya tu.

Sasa weka sindano, na hapa ndo nataka unisikilize: anza na upande wa pili. Wa kwanza unao kichwani tayari, Money for Nothing na sauti ya mwimbaji Sting kule mwanzoni, Walk of Life na kile kinanda chake, tumezisikia mpaka zimetoka puani, na ndo maana miaka yote mi nlikuwa nasema hii ni albamu ya matangazo ya redio. Upande wa pili unafungua na Ride Across the River, usiku wa porini na wadudu wake, mdundo unatembea taratibu kama mtu anavizia, halafu The Man's Too Strong, mzee katili anatubu dhambi zake na gitaa la kavu linampasukia katikati ya maneno. One World pita nayo tu, haina jipya. Halafu radi, na wimbo wenye jina la albamu, ule Mark Knopfler, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi, aliutunga akiwa na vita vya Falklands vya 1982, Uingereza na Argentina, kichwani. Nlikaa sakafuni na kitambaa mkononi hadi sindano ikafika mwisho.

Halafu chukua sidii yake uhesabu dakika, utashangaa. Why Worry kwenye sahani ya 1985 imekatwa kama dakika 3 nzima, Money for Nothing nayo imepunguzwa, Your Latest Trick hivyo hivyo. Sahani haibebi muda mrefu upande mmoja, ukiijaza mistari inabanana na sauti inapungua nguvu, kwa hiyo panga likapita upande wa kwanza, wa pili ukabaki mzima. Na yule atakayekwambia sahani ya zamani ndo ina sauti ya asili mwambie hii ilirekodiwa kidijitali kule AIR Studios, kisiwa cha Montserrat huko Karibiani, na watu kibao walinunua sidii pleya yao ya kwanza ili waisikie hii.

Bei sasa. Soma namba zilizochongwa kwenye ile sehemu laini karibu na lebo, ndo zinaonyesha ni toleo gani, kisha angalia namba hizohizo ZIMEUZWA bei gani, sio watu wanaomba bei gani, kuomba kila mtu anaomba. Ukisita kati ya daraja mbili za hali ya sahani andika ya chini. Ukimwita mwenye duka aje achukue zote atakupa bei ya hizi za kawaida, na zile adimu zinaondoka humohumo, kwa hiyo zitenge kabla hajapiga hodi.

Kufunga ni muhimu kuliko unavyodhani. Sahani itoe kwenye kava, iweke nyuma yake na mfuko wake wa ndani, kadibodi ngumu mbele na nyuma. Kati ya zile tatu zangu, ya kwanza nliituma imo ndani ya kava, njiani ikachana ukingo wa juu karibu sentimita 10, mteja akanitumia picha, nkarudisha hela yote na posta juu yangu. Ya pili ilifika salama. Ya tatu nimeitangaza mara mbili na mara mbili nimeitoa.