Kubadilisha valvu ya moyo mara ya pili: maandalizi kwa mgonjwa wa Dodoma

Valvu (mlango wa damu moyoni) ya tishu, ile ya ng'ombe au nguruwe, huchoka baada ya miaka 10 hadi 15. Kwa kijana huwahi zaidi, maana chokaa hujijenga haraka. Ya kaboni, ambayo wengi huiita ya chuma, haichakai hivyo; adui yake ni damu kuganda na nyama ya kovu inayozuia vifuniko. Ukiona mto mmoja hautoshi kulalia au miguu inavimba jioni, kapige eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) wiki hiyohiyo. Anayefika akiwa amezidiwa ndiye anayepata shida kwenye meza ya upasuaji.

Anzia Hospitali ya Benjamin Mkapa. Rufaa ikibidi, ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Beba kadi ya valvu na ripoti ya upasuaji wa kwanza. Karatasi hizi husahaulika mno, wakati aina na milimita za valvu ya zamani ndizo zinazoonyesha kama mpya yaweza kupitishwa kwenye mshipa wa paja na kutanuliwa humo humo, bila kupasua kifua.

Kifua kikifunguliwa tena, siti skani itangulie. Makovu ya mwanzo huunganisha moyo na mfupa wa kidari. Msumeno ukipita bila umbali kujulikana, huweza kuchana chumba cha moyo cha upande wa kulia. Ndiyo maana mishipa ya paja huandaliwa mapema kwa ajili ya mashine ya moyo na mapafu, na ndugu huombwa kuchangia damu. Meno mabovu yashughulikiwe wiki kadhaa kabla: amoksilini gramu 2, nusu saa hadi saa moja kabla ya kung'oa, kama huna mzio wa penisilini. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla ya upasuaji, lakini kwa amri ya daktari tu. Mwenye valvu ya chuma huenda akahitaji heparini, sindano ya kazi hiyohiyo, katikati.

Ukirudi nyumbani, kidari huchukua wiki 6 hadi 8 kuunga. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20; wewe mwisho wako kilo 5. Bodaboda nayo isubiri. Kama unatumia warfarini, mlenda usiuache, ule kiasi kilekile kila wiki: vitamini K ikizidi ghafla, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) hushuka, yaani damu huganda upesi. Diklofenaki usiiguse; parasetamo yatosha.

Homa ikizidi siku mbili, damu ya kuotesha (kutafuta bakteria) itolewe kabla ya antibiotiki ya kwanza. Vidonge vya duka la dawa vikitangulia, mdudu hujificha na valvu mpya huliwa kimyakimya.