Ultrasaundi Marekani: ithibati kwanza, ada baadaye

Mliopo Marekani mnaotaka kusomea kupima kwa ultrasaundi, kabla hujatoa hata senti angalia kama programu ina ithibati ya CAAHEP, shirika linalokagua ubora wa programu za mafunzo ya afya. Bila hiyo, njia ya kufikia mtihani wa ARDMS (shirika linalotoa vyeti kwa wapimaji wa ultrasaundi) huwa ndefu, na waajiri wengi wanautaka. Vyuo vya jamii ndiyo nafuu, hasa ukiwa mkazi wa jimbo, ila nafasi ni za kugombania. Ukienda na C tupu kwenye anatomia, fizikia na aljebra, utasota. Halafu ada si yote: sare, chanjo, cheti cha CPR (kufufua mtu aliyesimama moyo), kukaguliwa rekodi za jinai, na petroli ya kwenda hospitali ya mazoezi, ambako hulipwi. Mimi petroli ndiyo iliyonimaliza.