SOMO: Namna ya kuyafungua majina ya mikao ya yoga

Kila wiki naulizwa jina lile lile inbox. Leo nafundisha njia, orodha sitoi.

1. Kata mkia. Karibu kila jina huishia na asana, yaani mkao.

2. Tafuta kiungo cha mwili: pada mguu, hasta mkono, janu goti, mukha uso.

3. Tafuta idadi na upande: eka moja, dvi mbili, tri tatu, adho chini, urdhva juu, ardha nusu.

4. Rudisha irabu zilizomezwa. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kisanskriti, lugha ya kale ya India yalikotoka majina haya, huunganisha irabu zinazokutana: a+a inabaki a, a+u inakuwa o, a+i inakuwa e. Hiyo ya mwisho unayo tangu utotoni: ma+ino, meno. Kwa hiyo Paschimottanasana ni paschima (magharibi, pia nyuma) + uttana (kunyoosha sana) + asana. Ukiangalia jua linapochomoza, mgongo uko magharibi. ANGALIZO: ukikata kwa jicho utapata “ottana”, na neno hilo halipo. ANGALIZO la pili: s yenye alama juu yake ni sh. Shava ni maiti, shvana ni mbwa. Soma taratibu.

5. Kinachobaki ni mnyama, mti au mtu: bhujanga nyoka, vriksha mti, Virabhadra yule shujaa aliyetokana na unywele wa Shiva, mungu wa Wahindu.

MASWALI

— Mkuu, Paschimottanasana maana yake nini?
Hatua ya 4.

— Tupe PDF ya majina yote basi.
Sina. Na ningekuwa nayo usingeisoma, maana hata hili hujalisoma.

— Trikonasana: hiyo kona ni kona yetu ya barabarani? Na Simhasana ni simba?
Umenifurahisha, ndugu. Tri+kona ni pembe tatu, ila kona yetu tumeitoa kwa Waingereza. Simba ni neno la Kibantu. Kufanana na simha ni bahati tu. Simha huyo ndiye aliyemo kwenye jina la Singapore.

— Kwa hiyo hatuna neno lolote la Kisanskriti?
Tunayo, yamepita mikono mingi. Sukari asili yake sharkara, ikaja kwetu kupitia Kiarabu. Laki ni laksha, ikaja na lugha za Wahindi, na thamani haijabadilika: 100,000.

— Virasana na Virabhadrasana si kitu kimoja?
Hapana. Vira ni shujaa yeyote, na Virasana unakaa umekunja magoti. Virabhadrasana unasimama.