Utalala Wapi? Kuandaa Uthibitisho wa Malazi kwa Msafiri wa Mombasa

Msafiri anayetoka Mombasa kwenda kutalii katika nchi za Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hutakiwa kuonyesha mara mbili mahali atakapolala: kwanza anapowasilisha maombi ya viza, na tena anaposimama mbele ya afisa wa mpakani baada ya kushuka kwenye ndege, kwa kuwa kanuni za viza za nchi hizo zinasema wazi kwamba kuwa na viza pekee hakumpi mtu haki ya kuingia. Wengi hujiandaa kwa mara ya kwanza wakaisahau ya pili. Tena huichukulia karatasi ya hoteli kuwa kitu cha kuambatishwa tu, ilhali anayeisoma huilinganisha na tikiti, bima, barua ya likizo na taarifa ya benki, akitafuta tarehe au jina lisilokubaliana na mengine.

Kwa sababu hiyo, anza kwa kuhesabu usiku kabla ya kuitafuta hoteli. Andika tarehe ya kila usiku utakaokuwa safarini, na mbele yake mahali utakapolala. Ndege nyingi zinazoondoka kwetu jioni hufika Ulaya siku inayofuata, kwa hiyo chumba kianze tarehe ya kufika, wala si ile iliyoandikwa juu ya tikiti kuwa ya kuondoka. Ukikusudia kusafiri usiku kucha kwa gari moshi au basi kutoka mji mmoja hadi mwingine, usiku huo hautakuwa na kitanda, nao utaonekana kama pengo usipoueleza katika ratiba na kuambatisha tikiti yake.

Hesabu hiyo ndiyo inayoonyesha pia ubalozi wa kuupelekea maombi. Kanuni ni kwamba mtalii anayezuru nchi kadhaa za Schengen huomba viza kwa nchi atakayokaa muda mrefu zaidi, na muda ukilingana, kwa ile atakayoingia kwanza. Mwenye usiku 4 Uhispania na usiku 6 Italia ni wa Italia, hata kama ndege yake itatua Madrid. Anayekimbilia ubalozi fulani kwa kuwa amesikia vijana barazani wakisema kwamba huko hawana ukali, huku karatasi zake za malazi zikielekeza kwingine, amejishitaki kwa mkono wake mwenyewe.

Karatasi ya hoteli inayofaa ina jina na anwani kamili ya hoteli, namba ya simu, namba ya nafasi iliyowekwa, tarehe za kuingia na kutoka, na majina ya wote watakaolala humo. Familia ya watu wanne isiridhike na karatasi yenye jina la baba peke yake. Si lazima ulipe kila kitu mapema. Chagua chumba kinachoweza kughairiwa bila malipo, lakini itazame vizuri tarehe ya mwisho ya kughairi. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla yake, na jibu hutarajiwa ndani ya siku 15, ingawa linaweza kuchukua hadi siku 45. Ukomo wa kughairi ukifika kabla ya jibu, utabaki na chumba ulichokilipia na safari usiyokuwa na hakika nayo.

Kuna pia wanaojitolea kumtengenezea mtu karatasi ya hoteli pasipo chumba chochote kuwekwa. Kataa. Hoteli ina simu na barua pepe, na anayeshughulikia maombi anaweza kuuliza. Taarifa zikionekana kuwa haziaminiki, hiyo ni sababu tosha ya kukunyima viza, na kumbukumbu ya kunyimwa huweza kukaa miaka 5 katika mfumo wa taarifa za viza unaotumiwa na nchi zote za Schengen.

Habari hubadilika mgeni anapokwenda kulala kwa jamaa. Tuchukue mfano wa mama wa Majengo anayekwenda kumtazama bintiye aliyeolewa Ufaransa. Barua ya kawaida ya mwaliko, hata ikiandikwa kwa ufasaha namna gani, haitoshi huko. Binti lazima aende mwenyewe kwenye ofisi ya manispaa ya mji anaoishi, aombe hati ya mwenyeji iitwayo attestation d'accueil, na alipie stempu ya euro 30. Huonyesha kitambulisho au kibali chake cha ukaazi, hati ya kumiliki au kupanga nyumba, na ushahidi wa mapato, na manispaa ina uwezo wa kutuma mtu aikague nyumba yenyewe. Hati ikishatiwa sahihi, ile ya asili itumwe Mombasa kwa posta au kwa mkono wa msafiri, kwa sababu mpakani huombwa karatasi yenyewe, si picha yake ya WhatsApp.

Majina nayo yana mitego yake kwetu Pwani. Pasipoti ya mama ikisema Fatuma, bintiye akaandika Fatma kama jina lilivyozoeleka nyumbani, kisha karani wa manispaa akalifanya Fatouma kwa tahajia ya Kifaransa, mtu mmoja atakuwa amegeuka watatu. Mtumie mwenyeji picha ya ukurasa wa pasipoti, naye anakili herufi kwa herufi.

Usumbufu huo una faida yake. Ufaransa humtaka mgeni mwenye hoteli awe na euro 65 kwa kila siku, asiye na uthibitisho wa malazi euro 120, na mwenye hati ya mwenyeji euro 32.50 tu. Kwa ziara ya siku 20, aliye na hati hiyo na asiye na malazi yoyote wanatofautiana kwa euro 1,750. Ujerumani ina utaratibu wake, ambapo mwenyeji anayegharimia ziara hutia sahihi ahadi rasmi katika ofisi inayohusika na wageni, nayo huitwa Verpflichtungserklärung.

Siku ya safari, karatasi zote za malazi ziwe katika mkoba wa mkononi, zimechapishwa. Zikiwa ndani ya sanduku lililopakiwa tumboni mwa ndege, au katika simu iliyoishiwa chaji, ni sawa na kutokuwa nazo. Ikiwa ulibadilisha hoteli baada ya kupata viza, beba karatasi mpya na uwe tayari kueleza sababu.

Kwa anayepokea mgeni hapa Mombasa, jukumu humgeukia yeye. Tangu Januari 2024 Kenya imeweka idhini ya kusafiri ya kielektroniki mahali pa viza, na mgeni anayeiomba hutakiwa kuonyesha malazi yake. Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawaihitaji. Anayefikia hotelini Nyali hana kazi kubwa. Anayekuja kulala kwako hutegemea barua yako, ambayo itaje jina lako na namba ya kitambulisho, uhusiano wenu, jina lake na namba ya pasipoti, na tarehe za kukaa, pamoja na nakala ya kitambulisho chako.

Anwani ndiyo hutusumbua. Nyumba zetu tumezoea kuzielekeza kwa alama, nyuma ya msikiti au mkabala na duka la fulani, na mgeni hawezi kuyajaza hayo katika fomu. Andika jina la jengo au namba ya ploti, barabara, mtaa, kisha Mombasa, na alama ifuate mwishoni. Sanduku la posta halitoshi, maana hakuna anayelala ndani yake. Namba ya simu iwe ile unayoipokea, na usiizime siku ndege ya mgeni wako inapotua Uwanja wa Moi.